Mama Aliacha Vidonge, Akabaki na Mafuta ya Zeituni

Mama yangu alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani, mdomo umepinda upande mmoja, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake.

Mimi nilikuwa chumbani kwa wifi yangu, nimeshika vidonge vya Mama vya presha.

Pakiti sita. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Nilivikuta kwenye droo yake, chini ya mashuka yaliyokunjwa vizuri. Nilikuwa nimeingia kutafuta kadi ya kliniki, na yeye mwenyewe ndiye aliyenielekeza. “Droo ya juu, wifi, upande wa kushoto.” Nikavuta droo. Kadi ilikuwa juu, vidonge chini.

Nikatoka navyo. Wifi alikuwa sebuleni anatafuta viatu vya Mama. Kiatu kimoja amekishika, kingine hakionekani.

“Hivi ni nini?”

“Vidonge vya Mama.”

“Najua ni vya Mama, macho ninayo. Vinatafuta nini kwenye droo yako?”

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe.

“Wifi… si aliacha?”

“Aliacha kwa ruhusa ya nani?”

“Yako.”

Nyie mnaonisoma, mimi nimezaa watoto watatu na nimefanya kazi na wagonjwa miaka kumi na moja. Uongo nausikia kabla haujavaa viatu. Na huo ulikuwa umesimama mbele yangu, kwenye sebule ya mama yangu, unanitazama machoni.

“Nikirudi,” nikamwambia, “nisikukute ndani ya nyumba hii.”

Jirani akapiga honi. Tukaondoka. Mama alifika hospitali miguu mitupu.

* * *

Daktari wa zamu alikuwa mama mmoja mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alitazama mashine, akatazama tena.

“Mia mbili na kumi na nane. Huyu alikuwa anatumia dawa?”

“Alikuwa,” nikasema.

“Aliacha lini?”

Sikujua. Mimi, mwanawe, mtu wa afya, ninayewauliza wagonjwa swali hilohilo kila Jumatatu asubuhi.

Jibu lilitoka mlangoni. Wifi alikuwa ametufuata na kaka yangu.

“Wiki ya saba hii, daktari.”

“Na badala yake anatumia nini?”

“Mafuta ya zeituni. Vijiko viwili asubuhi.”

Daktari akaandika. Hakushangaa, na hilo ndilo lililoniogopesha.

“Huyu ni wa tatu mwezi huu,” akasema. “Wa kwanza alikuwa na kitunguu saumu, wa pili siki. Angalau mama yenu alichagua chakula cha maana.”

“Atapona?”

“Mshipa umeziba kichwani, upande wa kushoto. Ndiyo maana mkono wa kulia na maneno vimeondoka pamoja. Dawa tumeshaanza. Mengine tunasubiri.”

“Tunasubiri nini?”

“Tunasubiri tu, mama.”

Mimi silipendi neno hilo. Mimi ni mtu wa kufanya. Mtoto akianguka nanyanyua, bomba likivuja nafunga. Pale nilipewa kiti cha plastiki nikaambiwa nikae.

* * *

Kwa wageni wa ukurasa huu, nijitambulishe kidogo.

Nina stashahada ya lishe. Nafanya kazi kwenye kliniki ya presha na sukari. Nawapima watu uzito na kiuno, naangalia kadi zao, nawaambia wale nini na waache nini. Sirembi maneno. Kuna wagonjwa wananiita Koplo, wanadhani sijui.

Na kila Jumamosi narekodi voisi ya lishe, naitupa kwenye grupu la familia, nao wanawatumia wengine. Dakika moja, haizidi. Watu hawana muda, na mimi sina.

Ya mafuta ya zeituni ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Nilisema hivi:

“Mafuta ya zeituni ya mkamuo wa kwanza, yale yaliyokamuliwa bila moto wala kemikali za kiwandani, ni rafiki wa moyo wako. Yanasaidia kupunguza lehemu mbaya kwenye damu. Yana viini vinavyolinda mishipa. Yanasaidia kushusha presha. Nunua ya chupa nyeusi, weka mbali na jua na jiko. Vijiko viwili kwa siku, kwenye mboga au hivihivi. Jiko lako ndilo duka lako la kwanza la dawa.”

Hiyo sentensi ya mwisho niliipenda mwenyewe. Niliirudia kuisikiliza nikiwa naosha vyombo.

Na maelezo yalikuwa sahihi. Ningeyatetea mbele ya mwalimu wangu yeyote.

Mama naye alinisikia. Mama yangu alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni miaka thelathini na miwili. Alistaafu, lakini stoo haikustaafu. Shelfu za jikoni kwake zina karatasi zilizobandikwa kwa mwandiko wake: CHUMVI. SABUNI. VIBERITI. Kwenye shelfu ya karibu na dirisha: PRESHA.

Nilirudi nyumbani mchana ule kumchukulia nguo. Nikapita jikoni.

Kwenye shelfu ya PRESHA palikuwa na chupa moja nyeusi ya mafuta ya zeituni, lebo imegeuzwa mbele. Basi. Hakuna kingine.

Nikajiambia, mtu ameingia kwenye stoo ya mama yangu akapanga anavyotaka. Na humu ndani anaishi mwanamke mmoja tu asiyekuwa Mama.

* * *

Jioni ileile tulikaa kikao. Shangazi alikuja, kaka yangu, mimi, na wifi kwenye kigoda karibu na mlango.

Kaka yangu ni fundi wa friji. Ni mtu wa kuzungumza na mashine, binadamu wanamchosha.

“Wewe mkeo amemnyima mama yako dawa wiki saba,” nikamwambia. “Amezificha chini ya mashuka. Unasemaje?”

“Dada, huyu si mtu wa hivyo.”

“Sikukuuliza ni mtu wa namna gani. Nimekuuliza unasemaje.”

Shangazi akaingilia. “Hebu mwache mwenyewe aseme. Mwanangu, vidonge uliviweka wewe?”

“Niliviweka mimi, shangazi.”

“Kwa nini?”

“Mama alivitoa shelfuni. Alisema wifi amekubali.”

“Mimi?” nikasema. “Mimi nimekubali mama yangu aache dawa? Mimi ninayefukuzana na watu kliniki wasiache dawa?”

“Wifi, angalia simu yako.”

“Usinielekeze cha kuangalia.”

“Iko kwenye simu yako, wifi. Mimi nilidhani…”

“Ulidhani atakufa mapema ubaki na nyumba.”

Ndiyo, nilisema hivyo. Siwafichi. Shangazi aliinamisha kichwa. Kaka yangu alisimama, akakaa tena.

Wifi hakulia. Alikwenda chumbani, akatoka na begi moja. Akaweka karatasi mezani, mbele yangu, akaondoka kwenda kwa wazazi wake. Kaka alimfuata hadi barabarani, akarudi peke yake.

Kwenye karatasi alikuwa ameandika: Mama hulala ubavu wa kushoto. Chai yake iwe vuguvugu. Usimfunike miguu, hapendi. Akikasirika mwache dakika kumi, usimbembeleze.

Niliichukua kwa hasira. Kesho yake, wodini, niliisoma mara nne.

* * *

Siku za wodini zinafanana. Harufu ya dawa ya kudekia, magurudumu ya toroli, mgonjwa wa kitanda cha pili anayeuliza saa kila baada ya dakika tano.

Mama alikuwa amefumbua macho. Alinijua. Lakini alichoweza kutoa kilikuwa kipande kimoja tu.

“To… to…”

“Mto, Mama?” Nikauinua mto. Nikaushusha. Nikaugeuza.

“To… to…”

“Unasikia joto?” Nikafungua dirisha.

“To…”

“Maji ya moto?”

Akafumba macho. Chozi likatoka kwenye lile jicho la upande mzima. Nikasimama pale na kikombe mkononi, na stashahada yangu, na miaka yangu kumi na moja, sijui mama yangu anataka nini.

Nilimlisha uji, ukatoka pembeni ya mdomo. Nikamgeuza vibaya, nesi akanisogeza kwa upole. “Mama, kaa kidogo. Tutakuita.”

Wanangu wakipiga simu: “Bibi anaongea?” Nawajibu: “Bado.” “Lini?” Hapo nakata, nasema mtandao mbaya.

Siku ya nne alikuja mtaalamu wa mazoezi ya kuongea. Mwanaume mrefu, anavuta kiti kabla hajasalimia. Alikaa na Mama nusu saa, akimwonyesha kijiko, akimwonyesha kitana. Kisha akaja kwangu.

“Alikuwa anaongeaje zamani? Haraka? Polepole?”

“Kama mtu anayehesabu magunia.”

Akacheka. “Una sauti yake yoyote? Nataka nimsikie alivyokuwa. Na yeye mwenyewe, kusikia sauti yake kunaweza kumsaidia.”

“Nitakutafutia.”

Nikatoka kwenye korido, nikakaa kwenye benchi, nikafungua simu. Kwenye grupu la familia kulikuwa na voisi nyingi. Nikashuka, nikashuka. Zote zilikuwa zangu. Jumamosi baada ya Jumamosi, mimi, mimi, mimi.

Mama hana simu kubwa. Anachosikia anasikilizishwa na wifi, na akitaka kusema anasemea kwenye simu ya wifi.

Kwa hiyo nikafungua meseji za wifi. Nilikuwa sijazigusa tangu ugomvi.

Na kweli, palikuwa na voisi. Ya wiki saba nyuma, Jumamosi, saa sita na dakika kumi na nne mchana. Urefu wake dakika mbili na sekunde kumi. Kialama chake kilikuwa bado kinaonyesha haijawahi kusikilizwa.

Chini yake palikuwa na jibu langu. Kidole gumba. Saa sita na dakika kumi na nne.

Nikaiweka simu sikioni.

“Imeanza? Mtoto, imeanza? Hiyo taa nyekundu ndiyo… Haya. Mwanangu, hujambo. Wajukuu hawajambo? Huyo wa mwisho kikohozi kimeisha? Usimpe barafu. Sasa, nimekusikia kwenye simu, umesema vizuri, hata jirani anasema binti yako anaongea kama redio. Mafuta ameniletea kaka yako, chupa nyeusi kama ulivyoagiza. Nimeyaonja. Yanakwaruza koo, kama pilipili iliyostaafu…”

Hapo akacheka. Na nyuma yake wifi akacheka.

“Swali langu ni la stoo. Wewe unanijua. Kazi moja haiwekewi vitu viwili kwenye shelfu moja. Kipya kikiingia, cha zamani kinatoka, la sivyo kila mtu anachota anachotaka na huelewi tena kilichopo. Sasa haya ya presha yameingia. Je, vile vidonge nivitoe? Mtoto hapa ananibishia, anasema vikae palepale. Nikamwambia sawa, tusigombane, tumuulize aliyesomea. Kwa hiyo nakuuliza. Kama vitoke, niambie. Kama vibaki, niambie. Usiposema sigusi kitu, maana stoo hakitoki kitu bila sahihi. Haya. Mtoto, zima. Inazimwaje hii…”

Ikakatika.

Nilibaki nimeishika simu. Toroli likapita. Mtu akaniomba nisogeze miguu, nikasogeza.

Mama yangu aliuliza. Alikuwa na shaka, akauliza, tena kwa adabu, akaahidi kutogusa kitu mpaka nijibu.

Na mimi nilijibu. Dakika ileile, bila hata kuifungua, maana voisi ya dakika mbili mimi siisikilizi. Nikiona ni ndefu natuma kidole gumba, naendelea na mambo yangu. Kwenye stoo ya shule, wapishi wasiojua kuandika walikuwa wakitia dole gumba kwenye daftari ili kitu kitoke. Mama alilikubali dole hilo miaka thelathini na miwili. Langu angelikataaje?

Na kuna jambo jingine, ambalo hakuna anayelijua ila mimi.

Ile voisi ya mafuta niliirekodi mara mbili. Ya kwanza ilikuwa na sentensi moja zaidi: “Kama una dawa ya presha, endelea nayo, usiiache.” Ilifika dakika moja na sekunde nane. Nikaifuta, nikarekodi upya bila hiyo sentensi. Nilijiambia, nani asiyejua hilo?

* * *

Nilikwenda kwa wazazi wa wifi mchana uleule. Mama yake alifungua mlango, akabaki ameushika.

“Umekuja kutafuta vidonge vingine?”

“Nimekuja kumwona wifi yangu.”

“Yupo. Anaosha vyombo. Hapa kwetu huwa hatuvifichi, karibu uhesabu.”

Nilistahili. Nikaingia.

Wifi aliposikia sauti yangu hakugeuka. Aliendelea kusugua sufuria.

“Nimeisikiliza,” nikasema.

Mikono yake ikasimama.

“Leo?”

“Leo.”

“Kwa hiyo siku ile…”

“Sikusikiliza. Nilituma tu.”

Akageuka. Nilitegemea hasira. Uso wake ulikuwa umechoka tu.

“Mimi nilimwambia Mama asubiri,” akasema. “Akanionyesha simu. ‘Si huyu hapa amekubali?’ Ningesema nini? Mimi sikusoma hayo mambo. Wewe ndiye uliyesoma.”

“Kwa nini hukunipigia?”

“Nilikupigia mara mbili wiki ile. Ukaniambia uko kazini, nitume ujumbe. Ujumbe nilikuwa nimeshatuma.”

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata sauti yangu nilivyoikunja.

“Na vidonge? Kwa nini ulivificha?”

“Sikuvificha. Mama alisema nivirudishe kliniki. Nikawa nasogeza siku. Nilisema labda siku moja wifi atasema tuvirudishe shelfuni.”

Nikasema nisamehe. Nilisema mara mbili, maana mara ya kwanza haikusikika.

Akafuta mikono kwenye taulo, kidole kimojakimoja.

“Wifi, wewe mtu akikuuliza, unajibu kabla hajamaliza. Mama alikuwa anacheka, anasema mwanangu ana haraka kwa sababu ana akili. Mimi nilikuwa naogopa.” Akatundika taulo. “Nitarudi. Kwa ajili ya Mama. Na wewe tutaona.”

Tulipoingia wodini, Mama aligeuza kichwa. Akamwona wifi. Mkono wa kushoto ukanyanyuka kutoka kwenye shuka.

“To… to…”

“Nipo, Mama,” wifi akasema. “Mtoto wako nipo.”

Mama akatulia. Siku nne nilikuwa nageuza mto, yeye anamwita mkwewe.

* * *

Nilimwambia Mama ukweli. Nilisubiri wifi ametoka, nikavuta kiti kama yule mtaalamu, nikamwambia kila kitu. Kwamba sikusikiliza. Kwamba kidole kile hakikuwa jibu. Kwamba angeniuliza uso kwa uso ningemzuia kwa nguvu zote.

Alinitazama muda mrefu. Midomo ikatikisika. Nikasogeza sikio karibu kabisa, nikangoja. Nilingoja dakika nyingi kuliko nilizowahi kumngojea mtu yeyote.

Hakutoka neno.

Sijui alitaka kunisamehe au kunilaani. Huenda alitaka maji. Mpaka leo sijui, na sina haki ya kumsemea.

Sasa yuko nyumbani. Wifi anamfanyisha mazoezi, mimi naenda kila siku baada ya kazi. Mkono umeanza kushika kijiko. Maneno bado. Daktari ameniambia yanaweza kurudi, yanaweza yasirudi. Nikamuuliza nifanye nini zaidi. Akasema, “Unachofanya.”

Vidonge anakunywa. Mafuta ya zeituni pia bado anatumia, kwenye mboga, kijiko kimoja. Daktari mwenyewe amesema ni mazuri, aendelee. Mafuta hayakumkosea Mama.

* * *

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Kumbe sivyo.

Juzi Jumatatu, kliniki, aliingia baba mmoja mtu mzima, dereva wa lori aliyestaafu. Presha mia moja tisini na nne.

“Baba, vidonge unakunywa?”

“Nimeacha. Nina tiba.”

“Tiba gani?”

Akatoa simu, akaiweka mezani, akabonyeza.

“Mafuta ya zeituni ya mkamuo wa kwanza… ni rafiki wa moyo wako…”

Nikaizima. Ile voisi nilikuwa nimeifuta kwenye grupu tangu nilipotoka pale kwenye benchi. Yeye alitumiwa na shemeji yake, shemeji alitumiwa na mtu wa kazini kwake, na huyo sijui. Imeshapita mikono ambayo siwezi kuihesabu.

“Baba,” nikasema, “huyo anayeongea ni mimi.”

Akanitazama juu hadi chini.

“Wewe?”

“Mimi. Na nakuomba, nadhani… yaani, mafuta ni mazuri, yale, lakini hayachukui nafasi ya… Mama yangu…”

Akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma.

“Hapana, mama. Huyu anaongea kwa uhakika. Wewe unasitasita.”

Nikamshikilia nusu saa. Foleni ikanung’unika nje, nikaiacha inung’unike. Nilimweleza kila kitu, na Mama nikamtaja. Alichukua vidonge, akavitia mfuko wa shati, akaaga vizuri. Kama amevimeza, sijui. Nilibaki naangalia mlango.

Ndiyo maana leo nimeandika, tena kwa urefu, na anayeona ni ndefu asome hivyohivyo.

Ukitumiwa ile sauti ya mwanamke anayesifia mafuta ya zeituni kwa dakika moja, ujue ni mimi, na kuna sentensi niliiondoa. Mafuta hayo ni chakula kizuri, yatausaidia moyo wako taratibu, miaka na miaka, pamoja na mboga na kutembea na usingizi. Kama daktari amekuandikia dawa ya presha, meza dawa yako. Usiiache kwa sababu ya mafuta, wala ya kitunguu, wala yangu. Ukitaka kubadilisha, muulize anayekutibu, ana kwa ana, na usitoke mpaka ajibu swali lako lenyewe.

Na wewe uliyesomea kitu, ambaye nyumbani wakikwama wanasema ngoja tumuulize fulani… mtu wako akikutumia swali, msikilize mpaka mwisho ndipo ujibu. Mimi nilihitaji dakika mbili na sekunde kumi kumwokoa Mama. Niliona ni ndefu.